Dania na Udongo Wake

Namukasa alikuwa na vita na uchafu, na vita vyenyewe havikuwa na mapatano ya amani. Ukivuka daraja la Juba, ukapita Sherikat na malori yake, ukafika Gumbo kwenye njia ya Nimule, ukaona ua uliofagiliwa mpaka ardhi inateleza, mabeseni matatu yamepangwa mstari mmoja juu ya benchi, na mwanamke wa makamo, mfupi wa kimo na mrefu wa sauti, anamfukuza bata asikanyage hapo, basi usiulize njia tena. Umefika.

Alikuja kutoka Masaka mwaka mmoja baada ya amani kusainiwa, akakodi kipande cha shamba karibu na mto, akatundika turubai kuukuu la misaada juu ya matuta, akapanda dania, jani lile la kunukisha mchuzi. Watu wakamcheka. Dania haiwezi joto la Juba, walisema, itanyauka kabla ya kuota. Aa, wapi! Dania ya Namukasa iliota kwa ubishi kama mwenyewe, na haukupita muda hoteli zikawa zinamfuata.

Yale mabeseni matatu yalikuwa na sheria. La kwanza maji ya mto yaliyotuama, kuondoa udongo. La pili maji ya tanka, kuondoa uchafu wa yale ya mto. La tatu lilikuwa amri ya Onesmus, Mkenya aliyekuwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya makontena upande wa mjini: maji ya Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo inayoua vijidudu. Tangu kipindupindu kipite Juba, Onesmus hapokei jani lisilonuka Jik. Husimama mlangoni akanusa kila fungu. Na ukishatoa kwenye Jik husuuzi tena, maana utasuuzia maji gani, yale yale ya mto? Unafunga hivyo hivyo, maji yakichuruzika. Mpishi alisema kifuniko kimoja cha chupa kwa beseni. Namukasa alitia viwili, na akiamka vibaya, vitatu.

"Hakuna mtu iliharisha kwa mboga yangu," alikuwa akijigamba. "Hata moja. Uliza Juba yote!"

Kwa hiyo unamwona mtu mwenyewe. Sasa ndani ya nyumba hiyo safi kulikuwa na kitu kimoja ambacho mabeseni yote matatu hayakuweza kukitoa, nacho ni uvimbe kwenye ini la mumewe.

Lubega alikuwa dereva wa lori la saruji kati ya Kampala na Juba, mtu wa vicheko, aliyekuwa akipiga honi tangu Sherikat ili mkewe aweke chai. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2010 alikwenda hospitali Kampala kwa maumivu ya ubavu. Wakampiga picha, wakamtoa damu, wakamkalisha. Kansa ya ini. Lakini daktari akamwambia ana bahati: uvimbe ni mmoja tu, mkubwa kama ndimu, umekaa pembeni, unakatika. Aripoti Ijumaa tarehe tano Machi, Jumatatu apasuliwe. Akichelewa, ndimu itakuwa chungwa, na chungwa hawaligusi.

Akarudi Gumbo eti kupanga mambo yake. Mambo gani? Alipanga visingizio tu. Kaka yake mkubwa aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake akicheka na wauguzi, akatoka amefunikwa shuka hadi kichwani. Lubega hakuwa amelisahau shuka lile.

"Kisu hakiniingii mimi," alimwambia mkewe. Wenyewe kwa wenyewe walizungumza Kiganda, nami nawasimulia kwa Kiswahili ili twende pamoja. "Bora nife na ngozi yangu nzima."

"Utakwenda," Namukasa alisema.

"Tutaona."

"Hakuna kuona. Utakwenda."

Basi siku zikawa zinahesabika, na kila siku Lubega alikuwa akikonda kidogo na kugoma zaidi.

Katikati ya mwezi wa pili akaja Virginia. Huyu alikuwa binti wa Kikenya, mtaalamu wa maabara katika zahanati ya shirika moja mtaa wa Buluk, na mteja wa dania wa kila Jumamosi. Alikuwa pia anasoma shahada ya pili Nairobi, akienda na kurudi. Siku hiyo alikuja na sanduku la barafu lile la kubebea chanjo, na macho yanamwaka.

"Mama Namutebi, leo sitaki dania ya kupika," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Nataka ya utafiti. Huko Nairobi kwenye maabara yetu wanafuga seli za kansa ya ini."

"Nafuga?" Namukasa aliweka fungu chini. "Watu nafuga kansa kama kuku?"

"Kama kuku kabisa. Kwenye visahani vidogo vya plastiki. Wanazilisha, wanaziweka kwa joto. Sasa mimi nataka kukamua dania, nizimwagie ile juisi, nione itazifanya nini."

"Itafanya kachumbari," Lubega alisema kutoka kwenye mkeka wake, na wote watatu wakacheka, ingawa Namukasa alicheka huku akimtazama Virginia kwa pembe ya jicho. Kansa ya ini. Neno lile lile.

Virginia akaeleza kwamba si mzaha, kwamba kuna watu wameanza kuandika kuhusu mimea ya jikoni, kwamba profesa wake amempa nafasi moja ya kujaribu, moja tu, na kwamba yeye ameamua mmea wake uwe dania, maana ndiyo inayoliwa na kila mtu. Halafu akashusha sauti kama anayetoa siri.

"Lakini Mama, sikiza vizuri. Usiioshe. Ing'oe na mizizi, na udongo wake, ifunge kwa gazeti, uitie kwenye sanduku hili. Tutaisafisha wenyewe kwa njia yetu. Kesho asubuhi nitapita nikielekea uwanja wa ndege."

"Nimesikia, Daktari."

"Usiioshe."

"Mimi iko na masikio mbili. Nimesikia!"

Na kweli alisikia. Asubuhi akang'oa, akaikunja ndani ya gazeti na udongo wake, akaiweka mezani, akaitazama. Mchwa mmoja akatoka kwenye gazeti. Akatembea juu ya meza kama mwenye nyumba.

Namukasa akahisi aibu mwili mzima. Hivi huyu profesa, mtu mwenye miwani na koti jeupe, afungue sanduku aone mchwa? Aulize, hii imetoka kwa nani? Na Virginia aseme, imetoka kwa Namukasa wa Gumbo? La hasha. Kuna mambo watu wanasema kwa adabu tu. Mgeni akikuambia usijisumbue kupika, utamlaza njaa? Akakata mizizi, akapitisha majani beseni la kwanza, la pili, na kwenye la tatu, kwa heshima ya profesa, hakutia vifuniko. Alitia kikombe. Halafu, moyo ukiwa bado haujatulia, akaongeza cha pili. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki ikichuruzika, akaitia sandukuni, akazungushia utepe wa gundi. Virginia alipofika dereva wake alikuwa anapiga honi. Akachukua sanduku, akamkumbatia, akaenda.

Siku ya Jumatatu tarehe mosi Machi, saa nne asubuhi, simu ililia.

Mtandao wa Gumbo ulikuwa na makao yake juu ya kichuguu nyuma ya choo. Namukasa akakipanda kwa mwendo ambao hata bata aliustaajabia.

"Mama Namutebi! Zimekufa!"

"Nani amekufa? Virginia, nani amekufa?"

"Seli! Zote! Nimezimwagia jana, leo nimeangalia kwa hadubini, hakuna hata moja iliyo hai! Aki Mama, sijawahi kuona kitu kama hiki! Watu hutumia dawa kali wanaua nusu, sisi na dania tumemaliza sahani nzima!" Ikasikika sauti ya kitu kuanguka huko Nairobi, halafu Virginia akicheka na kulia kwa pamoja. "Dania yako, Mama! Dania yako!"

Simu ikakatika. Namukasa alibaki juu ya kichuguu. Halafu ikamtoka sauti moja iliyoanzia tumboni ikapita mtoni ikagonga ng'ambo. Adut, jirani yake muuza chai, aliyerudi kutoka kambi ya Kakuma na Kiswahili cha huko, akaja mbio na birika mkononi akidhani ni nyoka.

"Ya Namukasa! Shunu? Kuna nini?"

"Dania yangu naua kansa!"

"Kuzbara? Hii ya mchuzi?"

"Hii ya mchuzi!"

Adut hakuuliza zaidi. Akatupa birika, akapiga vigelegele, na vigelegele vya Adut havikuwa vya faragha. Ndani ya nusu saa Gumbo yote ilikuwa uani. Madereva walishuka kwenye malori. Mafundi wa pikipiki wakaacha spana. Mwanamke mmoja alianguka magotini katikati ya matuta akamshukuru Mungu kwa sauti, na Namukasa, kwa mara ya kwanza tangu alime shamba lile, hakumfokea mtu aliyekanyaga tuta. Alikuwa anacheka, analia, anazungushwa na Adut kama bibi harusi. Miezi miwili alikuwa amelala na jiwe kifuani, na sasa jiwe limeondoka, na lililoliondoa ni jani alilolipanda kwa mkono wake! Nani angeamini? Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Lubega akatoka mlangoni ameshika nguzo. Hakuna aliyekuwa amemwona amesimama kwa wiki nzima.

"Nimesikia," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Mke wangu, dawa yangu nimelala nayo ukuta kwa ukuta."

Akaenda tutani, akainama, akang'oa dania konzi nzima, akaitafuna na udongo wake. Watu wakashangilia kama bao limeingia.

Jumanne Lubega alikunywa juisi ya dania asubuhi, mchana na jioni. Alikula ugali. Alitania. Alimpigia bosi wake wa malori akamwambia asimpe mtu gari lake. Na jioni, kwa sauti ya mtu aliyemaliza mambo, akatoa tikiti ya basi la Alhamisi chini ya godoro akaichana vipande vinne.

"Kampala ya nini tena?" alisema.

Namukasa aliviona vipande vile vikianguka. Kitu kilimgusa moyoni, kidogo tu, lakini furaha ilikuwa kubwa na nyumba ilikuwa imejaa watu. Akavifagia.

Jumatano asubuhi alichelewa. Onesmus alikuwa anataka mafungu arobaini, na watu wa mjini wanataka mengine, na Lubega anaita juisi yake. Kwa haraka akachota konzi kutoka beseni la tatu badala ya la pili, akatwanga, akakamua, akampelekea. Lubega akapiga funda moja, akalitema hadi ukutani.

"Mama yangu! Hii nini? Inanuka kama choo cha hoteli!"

Namukasa akaangua kicheko. "Samahani, hiyo ni ya Onesmus, ina Jik. Ukinywa hiyo utakufa wewe pamoja na..."

Hapo kicheko kilikatika.

Alisimama na kikombe mkononi. Alikitazama. Ukinywa hiyo utakufa wewe pamoja na kansa yako. Ndivyo alivyokuwa anataka kusema, kwa utani. Na ile ya Nairobi ilikuwa na vikombe viwili. Vikombe, si vifuniko! Akatoka nje polepole, akaenda kwenye beseni la tatu. Juu ya maji walikuwa wanaelea sisimizi, kumi hivi, wote wamekufa. Kila asubuhi wako pale. Kila asubuhi huwatoa kwa kijiko na kuwamwaga, na hajawahi kusema kuwa ni dania iliyowaua.

Akaketi chini, kwenye vumbi, na nguo yake safi.

"Unaumwa?" Adut aliuliza kutoka kwenye majiko yake ya chai. "Juu ya nini unakaa chini?"

"Niache, Adut."

Alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, na yote mabaya. Akisema, atavunja furaha ya Gumbo nzima, atamwaibisha Virginia mbele ya profesa wake, na yeye mwenyewe ataitwa mjinga aliyeambiwa neno moja tu, usioshe, akashindwa. Na Lubega atarudi mkekani na uso ule wa zamani. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lubega atakunywa juisi yake kwa raha, na ndimu itakuwa chungwa. Basi linaondoka kesho asubuhi. Alisikia mumewe ndani anaimba, na wimbo ule ulimuuma kuliko maumivu yote aliyowahi kumsikia akilalamika.

Saa tisa mchana Virginia akafika kwa bodaboda, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na picha za visahani vyake ndani ya bahasha. Watu wakamzunguka. Adut akamletea chai ya bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Virginia alitabasamu, akatoa picha, akaonyesha za kabla na za baada. Lakini Namukasa, ambaye macho yake yalikuwa yanatafuta pa kukimbilia, aliona kwamba tabasamu lile halikufika machoni.

Sasa au kamwe. Akapiga sufuria kwa mwiko mpaka watu wakanyamaza.

"Virginia, mwanangu. Mimi nilikosa. Hiyo dania niliosha."

"Uliosha na maji tu?"

"Na maji. Halafu na Jik."

Lori moja lilipita njiani, na kila mtu akalisikia mpaka likapotea.

"Kiasi gani, Mama?"

"Vikombe mbili. Beseni moja." Aliweka mwiko chini. "Niliona mchwa kwa gazeti. Nilisema profesa ataona mimi iko mchafu. Sikusuuza. Hoteli hatusuuzi. Nisamehe."

Watu walianza kunong'ona, mmoja akasonya. Virginia aliketi juu ya jerikeni, picha zimemwangukia mapajani. Namukasa alingojea tusi. Badala yake yule binti akajifunika uso kwa viganja, na alipovitoa, macho yalikuwa mekundu.

"Si wewe peke yako, Mama. Tuliweka pia seli nzima, za mtu asiye na kansa, kuona kama juisi itaziacha. Nazo zilikufa zote. Niliziona Jumatatu ile ile, dakika kumi baada ya kukupigia. Dawa inayoua kila kitu si dawa. Profesa aliniambia nirudie kila kitu na nisimwambie mtu. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu." Akapangusa pua. "Nilipoona haina mizizi wala udongo nilijua umeosha, nikasema ni maji tu. Na ile harufu niliisikia. Nikasema ni sanduku, kwa sababu sanduku la zahanati tunaliosha kwa Jik. Juba hii, kila kitu kinanuka Jik."

"Haraka haraka," Adut alisema kwa huzuni, akachukua kikombe chake cha chai ya bure akaondoka nacho.

Mlangoni alikuwa amesimama Lubega. Wimbo ulikuwa umemwisha.

"Umeninyang'anya dawa yangu," alimwambia mkewe kwa Kiganda. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Siku mbili nilikuwa mzima. Kwa nini hukunyamaza?"

"Kwa sababu basi ni kesho."

"Siendi. Nilishasema siendi. Dania au hakuna dania, siendi."

Namukasa akamwendea. Watu walikuwa wanatazama na hakujali. Waliojua Kiganda wasikie, wasiojua wasome uso.

"Nisikilize, Taata Namutebi. Hata kama dania ingekuwa kweli, ingekuwa kweli kwenye kisahani huko Nairobi. Wewe hauko kwenye kisahani. Uko hapa Gumbo na ndimu yako inakua. Naogopa. Nikikuona unakunywa yale majani na kuimba, naogopa mpaka meno yanauma." Alimshika mikono yote miwili. "Tangu niwe na mikono naosha. Nimeosha mboga, nimeosha watoto, nimeosha nguo zako za grisi miaka ishirini. Wewe sitaki kukuosha. Usinipe kazi hiyo. Kazi hiyo sitaiweza."

Lubega alimtazama. Aliona, nadhani, shuka lile la kaka yake, na safari hii aliona ni nani angelazimika kulifunua.

"Tikiti niliichana," alisema mwisho.

"Nilivifagia vipande," Namukasa akajibu, "lakini sikuvitupa." Akaingia ndani akatoka na vipande vinne, vimebandikwa kwa gundi ile ile ya sanduku.

Alhamisi asubuhi alimsindikiza hadi basini. Yeye hakuweza kuacha shamba na wateja, lakini binti yao Namutebi alikuwa Kampala, angempokea. Jioni hiyo hiyo Virginia alikuja tena Gumbo na sanduku lake, amevimba macho ila amekaza uso. Profesa alikuwa amempigia kelele nusu saa nzima kwenye simu, kisha akampa nafasi nyingine. Namukasa akang'oa dania, akaikunja ndani ya gazeti na mizizi na udongo na mchwa wake. Alipoona mchwa akafumba macho, akafunga.

Jumatatu ya upasuaji Namukasa alipalilia shamba zima. Alipomaliza akapalilia la jirani. Simu aliiweka juu ya kichuguu, na Adut akaketi chini yake akiilinda kama mlinzi wa benki. Saa tisa na robo ikalia. Namukasa hakumbuki jinsi alivyofika pale.

"Mama, ametoka," Namutebi alisema. "Wamekata yote. Anapumua vizuri. Amefungua macho akauliza kama umelisha bata."

Vigelegele vya siku hiyo, wazee wa Sherikat bado wanavitumia kama alama ya tarehe.

Wiki tano zikapita. Virginia alikuja siku moja kabla ya Lubega kurudi, na safari hii hakupiga simu, hakupiga kelele, wala hakuleta picha kwenye bahasha. Alikuja kimya, akaketi juu ya jerikeni lile lile.

"Nimerudia mara tatu, Mama. Profesa ameangalia mwenyewe. Seli za kansa zilizokufa ni kama theluthi."

"Theluthi ni nini?"

"Mafungu matatu, limekufa moja."

"Na zile nzima?"

"Karibu zote ziko hai."

Walitazamana. Mdomo wa Virginia ulianza kupinda, akijizuia, akijizuia, hadi akashindwa, na wote wawili wakaruka kwa pamoja, jerikeni likabingiria, bata akakimbia, beseni la tatu likamwagika lote.

"Lakini Mama, bado ni kisahani tu! Hatujui kwa mtu! Inaweza kuchukua miaka, na inaweza isiwe kitu!"

"Najua ni kisahani!" Namukasa alipiga kelele huku akirukaruka. "Najua! Kisahani! Kisahani!"

Kesho yake basi la Kampala likasimama Gumbo kwa vumbi kubwa. Lubega akashuka, mwembamba, ana fimbo, anacheka. Kabla hata ya salamu akapandisha shati barabarani, mbele ya madereva na Adut na watu wote, waone kovu lilivyopita kutoka ubavu hadi ubavu.

"Teremsha shati!" Namukasa akamrukia, akalivuta chini kwa mikono miwili. "Vumbi lote hili, na kidonda hakijakomaa! Huna akili?"

"Na dania yetu?" Lubega aliuliza, shati limeshikwa. "Nimesikia Virginia amerudia. Imeua?"

"Kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo," Namukasa alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, uso kwenye shati la safari lililojaa vumbi la njia nzima kutoka Nimule. "Lakini ni kweli."